Wareno Walikuja Kutafuta Nini?

Katika darasa yetu ya baada ya Isha, kijana mmoja anayesoma skuli ya sekondari alituuliza suala ambalo naona latuhusu sote. Alisema: “Sheikh, kitabu chetu cha skuli chasema kwamba Wareno walikuja pwani hii kwa kuwa walikuwa wakitafuta njia ya kwenda Bara Hindi kununua viungo. Na babu yangu nyumbani asema walikuja kuupiga vita Uislamu, na hizo pilipili manga ni kisingizio tu. Na mtihani u karibu. Niandike lipi?” Wenziwe walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu suala hili huulizwa na watu wazima vile vile, na aghlabu kila mmoja hushika nusu ya khabari akaifanya ndiyo khabari nzima, kisha akagombana na mwenziwe aliyeshika nusu ya pili. Nilimuahidi kumjibu kwa maandishi, na jawabu lenyewe ndilo hili.

Natuanze na jiwe. Msomaji aliyefika Malindi bila shaka ameiona nguzo iliyo ukingoni mwa bahari, ambayo watu huiita nguzo ya Vasco da Gama. Mnara mweupe ulio chini ulijengwa baadaye ili kuihifadhi. Kitu cha zamani khasa ni ule msalaba ulio juu, nao ni wa jiwe lililotoka Lisbon, mji mkuu wa Ureno. Mwenye kuutazama kwa makini ataona kwamba umechongwa nembo ya mfalme wa Ureno. Hii ilikuwa ni ada yao. Tangu mwaka 1482, nahodha wao Diogo Cão alipopelekwa kwenye mlango wa mto Kongo, merikebu za mfalme zilikuwa zikipakia nguzo za mawe namna hii, zimekwisha kuchongwa huko kwao, na kila walipofika pahali papya walisimamisha moja. Msalaba na nembo ya ufalme vilikuwa katika jiwe moja; hawakuona haja ya mawe mawili, moja la dini na jingine la dola. Nasi watu wa Mombasa tunayo ile ngome kubwa ya mizinga, waliyoanza kuijenga mwaka 1593, wakaiita kwa jina la Yesu.

Basi tukitaka kujua walitafuta nini, tusiende kwa chuki zetu, wala tusiende kwa sifa walizosifiwa na watu wao waliokuja baadaye. Natutazame waliyoyaandika wenyewe zama zile zile, kwani walikuwa watu wa kuandika sana, na hawakuona haya kuyataja mambo ambayo wajukuu wao leo wayaonea haya.

Watu wengi huzihesabu safari hizi tangu Vasco da Gama. Lakini mlango wake ulifunguliwa miaka 83 kabla ya yeye kufika kwetu, tarehe 21 Agosti 1415, pale Mfalme João wa Kwanza alipovuka bahari pamoja na wanawe akauteka mji wa Kiislamu wa Ceuta, ambao Waarabu huuita Sabta, katika pwani ya Maghrib. Msikiti wa mji uligeuzwa kanisa, ikasomwa misa ndani yake, na humo humo wana wa mfalme wakapewa daraja ya mashujaa wa vita. Na Sabta ulikuwa mji wa mali, ukipokea misafara iliyoleta dhahabu kutoka nchi za kusini mwa jangwa. Kwa hivyo tangu siku ile ya kwanza twauona msikiti na twaiona dhahabu, viwili pamoja. Lakini mji ulipokwisha kutekwa, misafara iligeuza njia ikenda bandari nyingine, na Wareno wakabaki na kuta tupu za kulinda.

Mmoja katika wana hao wa mfalme ni Henrique, ambaye vitabu vya skuli humwita Henry Baharia, na hali mwenyewe hakupata kusafiri mbali zaidi ya Maghrib. Mwaka 1420 alifanywa msimamizi wa Chama cha Kristo, nacho ni chama cha wapiganaji kilichoundwa Ureno mwaka 1319 kwa mali ya wale Templari waliopigana na Waislamu katika nchi ya Sham. Mali ya chama hiki iligharimia merikebu zake nyingi, na msalaba wake mwekundu ndio uliotiwa katika matanga. Yaani fedha iliyowekwa wakfu kwa vita vya msalaba ndiyo iliyonunua mbao na kamba za safari za ugunduzi. Hili si neno la adui yao. Wao wenyewe walijifakharisha nalo.

Mwandishi wa khabari za ufalme wao, Gomes Eanes de Zurara, aliyeandika katikati ya karne ya 15, ametaja sababu zilizomfanya Henrique apeleke merikebu kusini. Alitaka kuijua nchi iliyo nyuma ya rasi ya Bojador. Alitaka kuona kama huko kuna bandari za Wakristo ambao wangeweza kufanya nao biashara. Alitaka kujua nguvu za Waislamu zafika wapi, kwani mwenye akili humpima adui yake. Alitaka kutafuta mfalme wa Kikristo atakayemsaidia katika vita hivyo. Na alitaka kuzitia roho za watu katika dini yake. Kisha Zurara akaongeza sababu ya sita, akasema kwamba hiyo ndiyo mzizi wa zote, nayo ni nyota aliyozaliwa nayo Henrique! Wenye kufikiri kwamba kupiga falaki ni ujinga wa watu wa pwani peke yao nawalisome hilo.

Tuiache nyota, tuzihesabu zile tano. Biashara imo, na kutaka kujua kumo, bali tatu katika tano ni mambo ya dini na vita. Na Zurara huyo huyo asimulia yaliyotokea Lagos, kusini mwa Ureno, tarehe 8 Agosti 1444. Watu 235 waliotekwa pwani ya Afrika walishushwa uwanjani wakagawanywa, na Henrique yu juu ya farasi wake, fungu lake likiwa ni khumsi, watu 46. Zurara asema kwamba alisikitika kuona mama watenganishwa na wana wao, mtu na nduguye, kisha akajituliza kwa kufikiri kwamba roho zao sasa zitaokoka. Sidhani kwamba alikuwa mnafiki. Laiti angekuwa mnafiki, mambo yangalikuwa mepesi kufahamika. Alikuwa mtu aliyeweza kuhuzunika kwa kweli, na kuuza kwa kweli, na kuamini kwa kweli, katika asubuhi moja.

Mambo makubwa kama haya yalitaka hati. Tarehe 18 Juni 1452 Papa Nicholas wa Tano alimpa Mfalme Afonso wa Tano wa Ureno idhini ya kuwashambulia na kuwatiisha Waislamu na wapagani popote walipo, na kuzitwaa nchi zao na mali zao, na kuwafanya watumwa wa daima. Hati ya pili ilitoka tarehe 8 Januari 1455, ikawapa Wareno peke yao nchi walizozifikia na watakazozifikia upande huo. Mwaka uliofuata, Papa Calixtus wa Tatu akakipa kile Chama cha Kristo madaraka ya mambo ya kanisa katika nchi hizo zote mpaka kwa Wahindi. Wengi wetu huisoma hati ya kwanza wakakasirika, wakaishia hapo. Lakini msomaji na aitazame vizuri ya pili: aliyekatazwa humo kwenda huko bila ya idhini ni Mkristo mwenziwao, na khasa watu wa Castile, jirani zao. Neno la dini lilitumika kumfungia mlango ndugu wa dini. Hapo siasa imejionesha uso wake bila ya ushungi.

Na hapa sina budi kulisahihisha kosa moja ambalo limo hata katika baadhi ya vitabu vinavyosomeshwa. Husemwa kwamba Waturuki walipoichukua Constantinople mwaka 1453, wakaifunga njia ya viungo, ndipo Wazungu wakalazimika kutafuta njia ya bahari. Sabta ilitekwa miaka 38 kabla ya hapo. Na viungo vingi vilikuwa vikipita Bahari ya Sham na Misri, na Misri haikuwa mikononi mwa Waturuki wa Uthmani mpaka mwaka 1517, wakati Wareno wamekwisha kuwa Goa na Malacca. Watu wa Venice, nao ni Wakristo, walikuwa wakinunua pilipili manga Iskandaria kila mwaka kwa wafanya biashara wa Kiislamu, na pande zote mbili zikila faida. Njia ilikuwa wazi. Kilichowaudhi Wareno ni kwamba wenye njia ni wengine.

Sasa tumtaje mtu ambaye hakuwako, naye alizisukuma merikebu nyingi kuliko wengi waliokuwako. Tangu karne ya 12 ilikuwa ikizunguka Ulaya barua iliyodaiwa kutoka kwa mfalme mmoja wa mashariki, padri na mfalme kwa pamoja, jina lake Yohana, mwenye majeshi yasiyohesabika, na nia yake ni kuwaendea Waislamu kutoka nyuma. Barua ilikuwa ya uongo. Kwanza walimtafuta upande wa Tatari, wasimpate; kisha wakamhamishia Uhabeshi, kwa kuwa huko kweli kulikuwa na mfalme wa Kikristo. Mwaka 1487 Mfalme João wa Pili alimtuma jasusi ajuaye Kiarabu, Pero da Covilhã, akapita Misri na Aden kwa sura ya mfanya biashara, akafika Calicut na Goa na Hormuz, na kusini mpaka Sofala. Kazi aliyopewa ilikuwa mbili: kujua viungo vyatoka wapi, na kumtafuta huyo padri mfalme. Akaishia Uhabeshi, wakamzuia asitoke, na ujumbe wa Wareno ulipofika huko mwaka 1520 walimkuta amekuwa mzee. Katika mwaka wa 1488 Bartolomeu Dias alikuwa ameizunguka Rasi ya Tumaini Jema. Kwa hivyo huyu alijua njia, na yule alijua soko.

Jirani zao wa Castile hawakulala. Gharnata, mji wa mwisho wa Waislamu katika Andalus, ulisalimu amri tarehe 2 Januari 1492, na mwaka huo huo Christopher Columbus akatumwa kwenda magharibi. Katika kitabu cha safari yake amewaandikia wafalme wake kwamba faida itakayopatikana naitumiwe kuiteka Baitul Muqaddas. Alichukua pia mfasiri ajuaye Kiarabu, na mtu huyo akapelekwa kuzungumza na wenyeji wa kisiwa cha Cuba! Mwaka 1494 falme mbili zile zikagawana bahari ya dunia kwa mkataba wa Tordesillas, wala hapana aliyetuuliza sisi wala Wahindi.

Manuel alitawala Ureno tangu mwaka 1495. Wengi katika washauri wake hawakuitaka safari ya Bara Hindi, wakiogopa gharama na fitina, naye akawapinga. Katika Disemba 1496 akatoa amri ya kuwatoa Mayahudi na Waislamu katika nchi yake. Tarehe 8 Julai 1497 Vasco da Gama akatoka Lisbon na merikebu nne, amekabidhiwa bendera yenye msalaba wa Chama cha Kristo, na mfukoni ana barua za Padri Yohana na za mfalme wa Calicut.

Mmoja katika waliokuwamo merikebuni aliandika khabari za safari siku kwa siku, na maandishi yake tunayo. Nataka tukae hapa kidogo, kwa sababu ndipo penye jawabu. Walipofika Msumbiji katika Machi 1498, ndio mwaka 903 wa Hijra, waliambiwa kwamba nchi ya Padri Yohana haiko mbali. Mwandishi asema walilia kwa furaha. Watu waliokwisha kuwa miezi minane baharini, wagonjwa, ufizi umewavimba, hawakulilia pilipili manga. Walilia kwa kusikia jina la mfalme wa hadithi. Walifika Mombasa Jumamosi tarehe 7 Aprili, wamefurahi, kwani waliambiwa kwamba mjini mna mtaa wa Wakristo, wakatumaini kesho yake, Jumapili ya Matawi, washuke wasali misa pamoja nao. Mfalme wa Mombasa aliwapelekea kondoo, machungwa, ndimu na miwa, na pete iwe ni alama ya amani. Watu wawili walishuka kuutazama mji, wakapelekwa kwa wafanya biashara wawili walioambiwa kuwa ni Wakristo, wakaoneshwa karatasi yenye sura inayoabudiwa. Wao wakadhani ni sura ya Roho Mtakatifu. Inavyoelekea, hao walikuwa Mabaniani.

Kisha, baada ya furaha ile ya misa, Vasco da Gama akawatia adabu mateka wawili aliowachukua Msumbiji kwa kuwatonea mafuta ya moto mwilini, mpaka wakasema kwamba Mombasa imepanga kulipiza kisasi cha mambo aliyoyafanya huko Msumbiji, ambako alikuwa amepiga mizinga. Mambo hayo mawili, hamu ya misa na mafuta ya moto, yamo katika kitabu kimoja, karibu karibu, na mwandishi hakuona kwamba yapingana.

Calicut walifika tarehe 20 Mei. Mtu wa kwanza aliyeshushwa pwani alikuwa mmoja katika wafungwa waliochukuliwa kwa kazi za khatari, akapelekwa kwa Waislamu wawili wa Tunis waliojua lugha ya Castile. Wakastaajabu kumuona, wakamuuliza kilichomleta. Akajibu kwamba wamekuja kutafuta Wakristo na viungo. Basi, kijana wetu, mtu huyu hakuwa mwanachuoni wala waziri, naye alilijibu suala lako kwa maneno mawili, na kitabu chako kimeshika la pili na babu yako ameshika maana ya la kwanza. Siku chache baadaye Vasco da Gama na wenziwe waliingizwa katika hekalu la Kihindu, wakapiga magoti wakasali, wakidhani ni kanisa. Watakatifu waliochorwa ukutani walikuwa na meno yaliyotokeza nje na mikono minne au mitano, na hilo halikuwashitua. Mwenye kutaka sana kukiona kitu hukiona. Zawadi walizomletea mfalme, yaani nguo, kofia, marijani, mabeseni, sukari, mafuta na asali, zilichekwa na watu wa mfalme, wakasema kwamba mfanya biashara maskini atokaye Makka huleta zaidi.

Mwaka 1499 Manuel aliwaandikia wafalme wa Castile kuwapa bishara: Wakristo wamepatikana Bara Hindi (alikuwa bado akidhani kwamba Wahindu ni Wakristo), na biashara inayowatajirisha Waislamu wa pande hizo itageuzwa ije Ureno. Akajiita bwana wa ushindi, na usafiri, na biashara ya Uhabeshi, Arabuni, Uajemi na Bara Hindi. Hapa ndipo kamba ilipofungwa fundo. Sultani wa Misri ndiye aliyeishika Baitul Muqaddas, na hazina yake ilijazwa na ushuru wa viungo. Ukimkata pilipili manga, umemkata askari. Basi pilipili manga yenyewe ilikuwa ni silaha, na mwenye kusema walikuja kwa biashara wala si kwa vita, au kwa vita wala si kwa biashara, hakuifahamu hesabu ya Manuel. Sultani Qansuh al-Ghawri aliifahamu upesi. Mwaka 1504 alimtuma mtawa wa mlima wa Sinai aende kwa Papa kuonya kwamba Wareno wasipokoma, pahali patakatifu pa Wakristo katika nchi zake patavunjwa. Na Venice, dola ya Kikristo, ikapeleka wajumbe Misri kumhimiza Sultani awazuie Wareno! Kila mtu alikuwa na dini yake, na kila mtu alikuwa na forodha yake.

Katika safari yake ya pili, mwaka 1502, Vasco da Gama aliikamata merikebu iliyowarejesha mahujaji kutoka Makka, ndani yake mna mamia ya watu, wanawake na watoto. Walitoa fidia kubwa. Akaichukua mali, akaiteketeza merikebu pamoja na watu, baada ya kuwatoa watoto kiasi cha 20 ili wafanywe watawa. Khabari hii imeandikwa na Mreno aliyekuwapo, naye hakuificha huzuni yake. Wapo wasemao ilikuwa ni kisasi cha Wareno waliouawa Calicut mwaka 1500. Huenda ikawa. Lakini mahujaji wale si waliowaua.

Aliyeifikisha hesabu ile mwisho wake ni Afonso de Albuquerque, aliyeiteka Goa mwaka 1510 na Malacca mwaka 1511. Katika mambo aliyoyatia nia ni kuugeuza mto Nili kwa kukata milima ya Uhabeshi ili Misri ife kwa kiu, na kwa ajili hiyo alitaka mafundi wa kukata majabali kutoka kisiwa cha Madeira, na kupeleka wapanda farasi Madina kuuchukua mwili wa Mtume (S.A.W.), kisha uwe badala ya Baitul Muqaddas. Aliishambulia Aden mwaka 1513 akashindwa, na mwaka 1515 akafa. Kufikia katikati ya karne ile viungo vingi vilikuwa vikipita tena Bahari ya Sham kama zamani.

Lakini ni nini yaliyowapata wale Wakristo waliotafutwa kwa hamu yote ile? Huu ndio ushahidi ambao babu wa kijana wetu hakuupima. Wareno walifika Uhabeshi, na mwaka 1541 Cristóvão da Gama, mwana wa Vasco, alikwenda na watu 400 kumsaidia mfalme wa huko dhidi ya Imam Ahmad bin Ibrahim, akauawa mwaka uliofuata. Baada ya kusaidiana kwa damu, mapadri waliotoka Ureno na Hispania waliwataka Wahabeshi waiache njia yao ya Kikristo ya zama na zama na kumfuata Papa. Ikawa fitina, na katika miaka ya 1630 Mfalme Fasilides akawafukuza. Katika pwani ya Malabar walikuwako Wakristo wa kweli, wa zamani kuliko Ureno yenyewe. Mwaka 1599 askofu mkuu wa Goa aliwakusanya Diamper, akawalazimisha kufuata Roma, na vitabu vyao vingi vikachomwa moto. Kwa hivyo haikutosha kuwa Mkristo. Ilitakiwa uwe Mkristo chini ya bendera ile. Jirani yetu Mkristo wa leo hana dhambi katika hayo. Wazee wa dini yake walikuwamo katika walioonewa.

Tukiwa waadilifu kwa wengine, natuwe waadilifu juu ya nafsi zetu. Watu wengi wa pwani hupenda kusimulia kwamba rubani aliyempeleka Vasco da Gama Bara Hindi ni Ahmad bin Majid, baharia mkubwa wa Julfar, tena kwa kuleweshwa. Neno hili lilitoka kwa Qutbuddin an-Nahrawali wa Makka, aliyeandika miaka mingi baadaye na mbali na pwani hii. Wareno wa zama zile hawamtaji Ibn Majid. Waandishi wao wamtaja rubani wa Gujarat, na wachunguzi wengi wa leo wameikataa hadithi ile. Naona tulimpenda Ibn Majid aliyeleweshwa kwa sababu alitupa udhuru. Yakini ni kwamba rubani alitolewa Malindi, na mfalme Mwislamu, akiwa macho, kwa sababu Malindi na Mombasa walikuwa mahasimu, naye alimuona mgeni mwenye mizinga kuwa ni rafiki wa kumtia khofu jirani. Mwaka 1505 Francisco de Almeida aliichoma Mombasa, na Malindi ikabaki salama. Na ngome ilipoanza kujengwa, mfalme wa Malindi aliletwa kukalia kiti cha Mombasa.

Nyumba hiyo ililipwa nini? Hasan bin Ahmad aligombana na jemadari wa ngome, akakimbilia bara, na mwaka 1614 akauawa kwa vitimbi vya Wareno, na kichwa chake kikapelekwa Goa. Mwanawe Yusuf, naye ni mtoto mdogo, alichukuliwa Goa akabatizwa, akaitwa Jerónimo, akasomeshwa, kisha akarejeshwa kuwa mfalme wao Mombasa. Husimuliwa kwamba alionekana usiku akisoma katika kaburi la babake kwa desturi ya Kiislamu. Tarehe 16 Agosti 1631 aliingia ngomeni na watu wake akamuua jemadari.

Niliporejea darasani na maandishi haya, kijana alisoma mpaka mwisho, kisha akauliza khabari za Kilwa, kwa kuwa nimeiacha. Nikamwambia: mwaka 1502 Vasco da Gama alimtisha Amir Ibrahim wa Kilwa kwa mizinga mpaka akatoa kodi ya mithkali 1,500 za dhahabu. Dhahabu hiyo ilipofika Lisbon, Mfalme Manuel aliamuru ifuliwe chombo cha kanisa cha kuwekea mkate wao mtakatifu, na fundi Gil Vicente akakimaliza mwaka 1506. Kimo katika jumba la makumbusho la Lisbon hata leo, na watu hulipa kiingilio kwenda kukitazama.

Akafikiri kidogo, kisha akauliza kama chombo hicho huandikwa katika hesabu ya dini au katika hesabu ya mali. Nilimwambia suala hilo ampelekee mwalimu wake wa skuli.